Miguu Mitatu Maisara

Binamu yangu wa Maskati hawezi kuondoka Unguja bila kuacha kitu. Mwaka mmoja aliacha viatu, mwaka uliofuata akaacha deni la teksi, na safari ya mwisho akaacha kamera. Si kamera ya kutia mfukoni. Ni SLR, ile yenye lenzi ya kuchomoa, nzito kama tofali, na tumboni mwake mna kioo kinachoruka kila ukibonyeza, kikalia klak! kama mlango wa gari bovu. Akaacha na stendi yake ya miguu mitatu, imekunjwa ndani ya mfuko mweusi mrefu ambao mama alikataa usiingie ndani mpaka nimfungulie, aone kwa macho yake kwamba hamna bunduki.

"Nitunzie mpaka nirudi," akasema binamu kwa ujumbe wa sauti. "Ukipenda, ijaribu kwenye fashifashi."

Bara wanaziita fataki. Kwetu ni fashifashi, na fashifashi hasa ni za usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya 1964. Mji unashuka Maisara, wenye watoto wamewabeba mabegani, wenye mikeka wameibeba kichwani, na ikigonga saa sita mbingu inapasuka. Miaka yote nilikuwa nazitazama kwa macho tu, bure, na sikuwahi kupata hasara yoyote.

Nikasoma. Kumbe fashifashi haipigwi picha kwa haraka. Unaiacha kamera wazi sekunde nne, tano, hata kumi, ua lichanue lote mpaka liporomoke, kila cheche iandike njia yake. ISO unaishusha mpaka 100, tundu la lenzi unalibana kwenye f/11, kulenga unalenga kwa mkono, na kamera isitikisike hata chembe. Ndiyo maana ya stendi. Hakuna mwana wa Adamu anayeweza kushika tofali sekunde kumi bila mkono kucheza.

Mazoezi nikafanya sebuleni. Nikazima taa, nikampa binti yangu tochi ya simu, nikamwambia aandike jina lake hewani. Likatoka! Herufi za moto zimeelea kwenye kiza, zimegeuka nyuma mbele kwa kuwa yeye alikuwa amenielekea, lakini zinasomeka. Mke wangu akapita kwenda jikoni, akajikwaa kwenye mguu wa stendi, akatokea kwenye picha kama mzuka uliovaa khanga. Nikajiona fundi. Usiku ule nikachokonoa menyu ya kamera mpaka saa saba, nikawasha kila kilichoonekana kina faida.

Siku yenyewe tukapanda daladala. Ni zile ambazo abiria mnakaa mkitazamana, magoti yamegusana, hapana pa kuweka hata mwavuli. Utingo akautazama mfuko wangu. "Mzee, unakwenda kupima viwanja?" Nikanyamaza kwa heshima ya sanaa. Dereva akafunga breki karibu na mzunguko, mguu mmoja wa stendi ukachomoka kwenye mfuko, ukarefuka wenyewe, ukaenda kuingia chini ya buibui la bibi aliyekaa mbele yangu na kikapu chake.

"Baba," akasema taratibu, "ondosha mguu wako."

"Si wangu, bibi. Ni wa kamera."

Gari zima likatulia. Mke wangu akageuka kutazama nje, kwa namna ya mtu anayesafiri peke yake.

Saa nne usiku tuko Maisara. Kwenye kusoma kwangu nilishika kwamba picha nzuri haiwi mbingu tupu, itafutiwe na kitu cha chini: minazi, paa, vichwa vya watu. Basi nikachagua mahali pa maana, bahari nyuma yangu, uwanja wote mbele yangu, minazi miwili kushoto. Nikafungua miguu. Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja amekaa juu ya galoni lililopinduliwa, mvuvi kwa ile harufu yake na kwa jinsi alivyokuwa akiitazama mbingu kama mtu anayesoma gazeti.

"Mwanangu," akasema, "umekaa demani."

Nikamwambia ndiyo, asante. Nilidhani ananisifu.

Tatizo la stendi ni kwamba ukiisimamisha tu, wewe si wewe tena. Mwenye simu ni mtu wa kawaida. Mwenye miguu mitatu ni serikali, au televisheni. Watoto wakanizunguka wakitaka kujua watatoka lini na kwenye kipindi gani. Mama mmoja akaniomba nisimwoneshe, kwao wanajua amelala. Kijana mmoja akaja kunishtakia maji, kwao hayatoki wiki ya pili, akasema niliseme. Kisha akaja mzee wa heshima, kanzu imenyooka, akaiweka kofia yake sawa, akasimama mbele ya lenzi hatua tatu, akakaza uso.

"Paspoti," akasema. "Nne."

Ningefanyaje? Nikaigeuza kamera iwe ya kujiendesha yenyewe, flashi ikainuka kama jogoo, ikawaka, mzee akapepesa macho, akauliza atazifuata lini. Nikasema wiki ijayo. Akaondoka ameridhika bila kuniuliza ofisi yangu iko wapi.

Binamu alikuwa ameniambia jambo moja zaidi: chini ya stendi, katikati, pana ndoana ya kutundikia mzigo, ili upepo usiitikise. Mzigo mzito tuliokuwa nao ni kikapu cha mke wangu, chupa ya chai na mandazi ya watu sita. Nikakitundika. Stendi ikatulia kama imepandwa. Niliipenda sana ile ndoana.

Tukangoja. Binti akaniuliza zile rangi wanazitoa wapi, nami nilikuwa nimesoma, nikajaa. Nikamweleza kwamba ndani ya baruti, ile ya shura na makaa na kiberiti, hutiwa chumvi za madini mbalimbali: stronshiamu inatoa nyekundu, bariamu inatoa kijani, sodiamu manjano. Buluu inatoka kwenye shaba, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa moto ukizidi kidogo rangi yenyewe inavunjika.

"Kwa hiyo ukiona buluu safi," nikamwambia, "ujue aliyeitengeneza ni fundi hasa."

"Na wewe utaipiga?"

"Mimi ndiyo nimeijia hiyo."

Saa sita. Ya kwanza ikapanda na mluzi, uwanja mzima ukasema aaah, nikabonyeza. Klak haikuja. Ikaja zii, zii, zii, lenzi ikisogea mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta miwani yake gizani. Tangu paspoti ya mzee sikuwa nimeirudisha kwenye kulenga kwa mkono, na kamera iliyoachiwa ijilengee, ikikosa kitu cha kushika kwenye kiza, inagoma. Ua la kwanza likachanua, likafa. Ilikuwa buluu.

Nikairudisha mkono ukitetemeka. Pete ya lenzi nikaizungusha mpaka ikagota, maana fashifashi ziko mbali, na mbali ni mwisho. Ndivyo nilivyofikiri. Nimekuja kujua baadaye kwamba lenzi nyingi za siku hizi hazigoti kwenye mbali. Zinapitiliza kidogo, zinalenga mahali palipo mbele ya mbali, ambapo hapana kitu na wala hapatakuwa nacho.

Nikabonyeza tena. Klak! Jicho la kulia nimelibana kwenye tundu la kuchungulia, la kushoto nimelifumba kama walivyo mafundi. Kiza. Nikadhani nimesahau kifuniko cha lenzi, nikapapasa. Kifuniko kiko mfukoni. Hapa ndipo nilipojifunza siri ya ile klak. Kile kioo kinachoruka ndicho kinacholeta sura kwenye tundu la kuchungulia. Kikiinuka kuupisha mwanga uingie ndani, tundu linabaki jeusi mpaka kishuke tena. Kwa picha ya mchana hutambui, ni kama kupepesa jicho. Kwa picha ya sekunde kumi, ni sekunde kumi. Maisara nzima ilikuwa imeinua shingo inatazama mbingu ikimwaga dhahabu, na aliyekuja na tofali na miguu mitatu, peke yake, alikuwa amekodolea macho ndani ya sanduku lenye kiza.

"Umeiona ile?" akauliza mke wangu.

"Ipi?"

"Ile!"

Nikatoa jicho. Imekwisha. Nikaona heri nibonyeze kwa kusikia: mshindo ukilia, nafyatua. Nao mshindo una mwendo wake, kama mita 340 kwa sekunde, wakati mwanga haungoji mtu. Kwa pale tulipokuwa, nikisikia bum, ua lilikwisha kuanza kunyauka. Kamera ikawa inakusanya majivu.

Basi nikaamua niiache wazi sekunde thelathini, iokote yote yatakayopita. Thelathini zikaisha, nikabonyeza nyingine, kimya. Skrini imeandika kwamba ina kazi. Kazi gani? Ile menyu niliyoichokonoa saa saba za usiku! Nilikuwa nimewasha kitu cha kusafisha picha za muda mrefu, na usafi wake uko hivi: kamera ikimaliza picha yako ya sekunde thelathini, inajifungia na kupiga nyingine ya kiza kitupu, sekunde thelathini zilezile, ilinganishe zote mbili na kutoa chembechembe. Nikasimama mbele ya kamera inayopiga picha ya kiza kwa hiari yake, huku juu ya kichwa changu kijani na nyekundu zinapigana. Sekunde thelathini ni ndefu. Nilikuwa na nafasi ya kumsikia mvuvi akimwambia jirani yake, "Anaipa pumzi."

Kisha njaa ikawaingia watoto.

Sikuona mkono wa kwanza. Niliona stendi ikiinama adabu, ikarudi. Mkono wa pili ulikuwa wa mke wangu, anatafuta kifuniko cha chupa. Kila ndazi lililotoka kwenye kikapu lilikuwa tetemeko la ardhi, na walikula sawasawa. Nikasema, "Jamani, picha!" Binti yangu akanyanyua la nne, akalipasua katikati, akanipa nusu, sukari ya mkononi mwake ikamwagikia kwenye kitufe. Tangu siku ile kile kitufe kinabonyea kwa kusitasita.

Upepo ukakaza. Mwezi wa Januari Unguja ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki na kuelekea baharini. Mtoto wa darasa la pili anajua. Na mimi nilikuwa na bahari nyuma yangu. Moshi wote wa fashifashi za Mapinduzi ukakusanyika juu ya uwanja, ukashuka polepole, ukaja moja kwa moja kwa mtu mwenye miguu mitatu. Nikakohoa. Lenzi ikavaa ukungu. Fashifashi za mwisho, zile zinazopigwa kwa fujo pamoja mpaka madirisha ya Kikwajuni yanatikisika, kwangu zilikuwa mawingu yanayobadilika rangi na sauti ya watu wenye furaha upande wa pili.

"Nilikwambia uko demani," akasema mvuvi, anainua galoni lake. "Wanaojua wamekaa joshini."

Joshini ni kule upepo unakotoka. Demani ni kule unakokwenda na kila kilichomo. Nimezaliwa kisiwani na sikulijua hilo mpaka nilipolivuta mapafuni.

Asubuhi yake tukazitazama picha mezani, sikukuu, hakuna pa kukimbilia. Zilikuwa kumi na moja. Tatu nyeusi. Nne ni madoa laini ya duara, kama nazi zilizolowa, hizo ndizo za mbele ya mbali. Mbili zina mistari ya zigizaga inayofuatana na mandazi. Moja ni moshi mwekundu umejaa kona hadi kona, mama akaishika karibu na macho, akaigeuza, akauliza ni kifua cha nani na daktari alisemaje.

Ya kumi na moja ni ya mzee wa paspoti. Kali, safi, kila uzi wa darizi ya kofia unahesabika. Nimekwisha kutana naye mara mbili Darajani. Mara ya kwanza nilijificha kwenye duka la vitambaa, mara ya pili akaniwahi, akaniambia kwamba "ofisi yenu" ina ucheleweshaji.

Kamera imerudi kwenye mfuko wake, juu ya kabati. Stendi mama aliiomba. Kuku wa jirani walikuwa wakimlia pilipili yake kila akianika, sasa ungo umefungwa kwa kamba juu ya kichwa cha stendi, miguu imerefushwa yote, na chini, kwenye ndoana, ametundika tofali la kweli. Kuku wanauzunguka tu, shingo juu.

Juzi binamu ameleta ujumbe. Idi anakuja, anauliza stendi iko salama, haijalegea?

Nikachungulia uani. Kaskazi ilikuwa inavuma, nguo zote kwenye kamba zinapepea, na ungo umetulia kimya. Nikamjibu kwamba haitikisiki hata chembe.