Waya wa Saba

Nyumba yetu, iliyo katika Mji wa Kale wa Mombasa, ilijengwa na watu wasiokuwa na haraka: kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wapata nusu mita, na baraka zake ni kwamba joto la Machi haliingii wala siri za ndani hazitoki. Kwa bahati mbaya, intaneti isiyo ya waya nayo imo katika jumla ya mambo yasiyopita, na ndiyo maana kompyuta ya chini na sanduku la diski lililo ghorofani tangu hapo zimefungamanishwa kwa kebo, mithili ya mbuzi wawili katika kamba moja.

Fitina ilizuka baada ya harusi ya binti yetu. Wapiga picha watatu walituletea diski yenye faili za gigabaiti 300, nami nilipoanza kuzipandisha ghorofani, kompyuta ikanijulisha kwa adabu kwamba kazi itachukua saa saba. Swichi yetu ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde; na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, mia hiyo ya fahari ikishagawanywa hubaki megabaiti kumi na moja au kumi na mbili tu. Wafanyabiashara huhesabu kwa biti kwa sababu ileile ambayo muuza nguo angependa kupima kwa shubiri: shubiri huwa nyingi.

Nikanunua swichi ya megabiti 1,000, kebo ya Cat 6 mita 30, vichwa kumi, na koleo la kuvibania. Fundi alitaja ujira ambao kwa ghururi yangu niliuita dhuluma, nikamuaga kwa taadhima, nikashika keekee ya umeme mwenyewe. Ilikuwa fupi kuliko unene wa ukuta ulio baina ya chumba changu na ngazi. Basi nikaona ni hekima kutoboa nusu kwa upande huu na nusu kwa upande wa pili, hata tundu zikutane katikati. Hazikukutana. Nilikuwa nimepima kutoka sakafuni pande zote mbili, nikasahau kwamba ya ngazini imeinuka kuliko ya chumbani. Mke wangu alikuja, akalitazama tundu hili, akazunguka akalitazama la pili, kisha akauliza, “Mume wangu, zidaka hizi ni za kuwekea nini?”

Kebo ikapita juu ya mlango. Ikabaki kubana vichwa, kazi ya kuzipanga nyaya nane nyembamba kwa rangi zake, zimesokotwa jozi nne, chungwa mbele na kahawia nyuma, ilhali miwani inateleza kwa jasho. Nilipochomeka, taa ikawaka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaanzisha kazi. Saa saba.

Nikairudisha swichi dukani nimefura kwa hasira. Muuzaji, pasipo kubishana, akaijaribu mbele yangu kwa kebo yake, ikaenda kama mshale. Nikarudi nayo nyumbani kwa njia ya uchochoro.

Jioni mpwa wangu akaja na kifaa cha kupimia kebo, chenye taa nane za kuwaka kwa zamu. Ya kwanza, ya pili, hata ya sita. Kisha ikawaka ya nane, kama mwana wa chuo aliyeruka aya akitaraji mwalimu amesinzia. “Mjomba,” akasema, akiinamisha macho, “waya wa saba haukufika mwisho wa kichwa.” Kumbe mwendo wa 100 hutosheka na jozi mbili, bali wa 1,000 hutaka zote nne, na jozi moja ikikosekana vyombo husuluhishana vyenyewe kimyakimya vikarejea mwendo wa zamani. Robert Metcalfe, aliyeubuni mtandao huu wa kebo huko California mwaka 1973, aliuita kwa jina la etha, kitu ambacho wataalamu wa kale walidhani ndicho kichukuacho mwanga, na baadaye ikadhihirika kwamba hakipo. Niliona jina limewafiki.

Tulikata kichwa, tukabana kingine. Namba zikapanda hadi megabaiti 110 kwa sekunde, nikaita watu waje kushuhudia. Nao walipofika zilikuwa zimeshuka hadi 30 na kutulia hapo, maana diski ya wapiga picha ilikuwa kongwe, haina pumzi zaidi ya hiyo. Saa tatu kasorobo. Mke wangu, akipita na sinia la kahawa, akauliza kama maharusi wamekwisha kufika ghorofani.

“Wapo ngazini,” nikajibu.