Sifa za Foleni ya Bandarini

Foleni ya bandarini ni msururu wa abiria wa meli ya kitalii wanaosubiri kushuka, kupanda, kukaguliwa au kupelekwa mjini siku meli inapotia nanga. Katika Bahari ya Mediterania, ambako meli moja huweza kumwaga maelfu ya watu kila asubuhi kwenye mji mwingine, foleni ndiyo kivutio pekee kinachopatikana katika kila bandari, hakina kiingilio na hakifungwi Jumatatu. Ajabu ni kwamba vipeperushi vya safari havikitaji. Hujaza kurasa kwa magofu na machweo, vitu ambavyo abiria huviona kwa dakika chache akishatoka foleni.

Penye gati, kama Barcelona, foleni huwa fupi: mashine inasoma kadi, mlio unasikika, mtu yuko nchi kavu. Hiyo bado changa, haistahili sifa nyingi.

Iliyokomaa ni ya Santorini. Kisiwa hiki cha Ugiriki ni ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, bahari ikajaa katikati, na chini ya mji wa Fira hakuna gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua. Kwanza hukusanywa katika ukumbi wa maonyesho wa meli, wakapewa namba na viti. Hii ni foleni ya kuketi, ya daraja la juu. Hufuata foleni ya mashua, kisha ile ya bandari ndogo iliyo chini ya jabali, mji wenyewe ukiwa juu zaidi ya mita 200. Gari la kamba linalowapandisha huko lina vyumba sita, kila kimoja watu sita, yaani abiria 36 kwa safari. Meli ya abiria 3,000 inahitaji safari zaidi ya 80, na mara nyingi haiko peke yake. Kwa kuwa safari ni ya dakika tatu hivi, anayesifia mandhari ya kutoka garini ameionja tu. Foleni ndiyo imemkalisha saa nzima, au mbili, mbele ya bahari ileile, jabali lilelile na kisogo kilekile, bila kiongozi wa watalii kumhimiza.

Wasio na adabu ya kusubiri hupanda ngazi zinazokaribia 600 kwa miguu, au hukodi punda na baghala. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki iliagiza kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Mzigo wa punda basi una kikomo. Wa foleni ulibaki huru hadi 2025, kisiwa kilipoweka ukomo wa wageni 8,000 wa meli kwa siku, wingi ambao bado unaipa foleni riziki ya kutosha.

Wanaoidharau foleni hawajui ukoo wake. Mwaka 1377 Dubrovnik, wakati huo ikiitwa Ragusa, iliamuru watokao kwenye maeneo ya tauni wasubiri siku 30 nje ya mji kabla ya kuingia. Mwaka 1423 Venice ikatenga kisiwa kizima kwa wagonjwa wa tauni. Kusubiri mlangoni kwa mwenyeji ni mila ya kale ya pwani hizi, na mtalii anayelalamikia saa mbili ameponea chupuchupu. Mwaka 1867 mwandishi Mark Twain na abiria wenzake wa meli Quaker City walikatazwa kushuka Piraeus, bandari ya Athens, kwa sababu ya karantini. Yeye na wenzake watatu wakatoroka usiku kwenda kuiona Akropoli, na njiani wakaiba zabibu za watu. Hayo ndiyo mtu huyafanya akikosa foleni ya kumtunza.

Faida kubwa zaidi huonekana kwa kundi la marafiki. Melini wametawanyika: mmoja yuko bwawani, mwingine kitandani, wa tatu haijulikani aliko tangu chakula cha jioni. Mjini mmoja anataka makumbusho, mwingine mkoba, mwingine bia. Foleni pekee huwasimamisha wote mahali pamoja, wakiangalia upande mmoja. Hapo hukumbushana deni la kahawa ya bandari iliyopita, na kila mtu hupata cheo: mshika nafasi, mleta maji, na yule anayetumwa mbele kuuliza kwa nini mstari hausogei, akarudi na jibu lisilo sahihi. Hapo pia hujulikana rafiki wa kweli, kwa kuwa ndiye anayetokea wakati wamebaki watu kumi, akajipenyeza akisema, "Niko na hawa." Isitoshe, saa iliyotumika foleni haikutumika dukani kwa sonara wa Fira.

Roma inahitaji maneno machache. Meli haifiki Roma. Inafika Civitavecchia, bandari iliyojengwa na Kaizari Trajan mwanzoni mwa karne ya pili, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. Hapo foleni huja tatu mfululizo: ya basi, ya treni na ya Colosseum. Venice nayo imeongeza yake, kwani tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa hazipiti mfereji wa Giudecca, na abiria wake hulazimika kusafirishwa kutoka mbali zaidi.

Foleni ya jioni ndiyo yenye hisia kali. Abiria huamriwa kuwa melini mapema, mara nyingi nusu saa kabla ya kuondoka, na kila mmoja hupanga kwa siri kuwahi dakika ya mwisho; wote basi hufika pamoja, wakiwa wamebabuka kwa jua na wamebeba mafuta ya zeituni. Mikoba hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na katika kampuni nyingi chupa za mvinyo huchukuliwa zikatunzwe hadi mwisho wa safari. Asiyefika kabla ya ngazi kuvutwa hujigharimia nauli hadi bandari inayofuata, ambako huwakuta wenzake wameshapanga mstari.