Stupa 6 kwenye mizani: nani bingwa, nani kabebwa na dhahabu?

Kabla hujaanza kubisha, sikia kanuni. Stupa, jengo la ibada la Wabuddha, haina ukumbi wa kukaa waumini. Kwa kawaida ndani imejazwa matofali au udongo tangu chini hadi juu. Asili yake ni tuta la kaburi. Buddha alipofariki na mwili wake kuchomwa, masimulizi yanasema masalia yaligawanywa mafungu 8, kila fungu likajengewa tuta lake. Kwa hiyo ibada iko nje, tena iko miguuni: unaizunguka ukiwa umeiweka mkono wa kulia. (Waliokwenda Makka, ambao huiweka Kaaba kushoto, tofauti wameiona tayari.) Swali langu basi ni moja: anayezunguka anapata nini? Urefu na utajiri ni nyongeza tu.

6. Amaravati, India
Mwishoni mwa karne ya 18 watu walianza kuchukua mawe yake wakajengee mambo yao. Leo pale umebaki msingi, na michongo yake mingi iko makumbusho ya Chennai na London. Kuizunguka yote unahitaji viza.
Hukumu: ingekuwa na mawe yake, namba 2 asingelala.

5. Jetavanaramaya, Sri Lanka
Mfalme Mahasena aligombana na watawa wa monasteri ya Mahavihara, akaenda kuanzisha stupa hii ndani ya eneo lao. Huko ndiko kujenga kwa kukomoa! Ilipokamilika ilifika mita 122 hivi, na enzi hizo majengo yaliyoizidi yalikuwa piramidi mbili tu za Giza. Matofali yake yanakadiriwa kuwa milioni 93. Sasa imebaki na mita 71.
Hukumu: imepungua mita 50 na bado inakuumiza shingo. Ila unayemwona pale ni mfalme kuliko mafundisho.

4. Shwedagon, Myanmar
Hapa ndipo mtakaponirukia. Najua, najua: imevikwa mabamba ya dhahabu, kileleni kuna almasi ya karati 76, na Wabuddha wa Myanmar wanaamini ndani zimo nywele 8 za Buddha. Inasimuliwa kwamba malkia Shin Sawbu, karne ya 15, alitoa dhahabu yenye uzito sawa na mwili wake. Mkwewe Dhammazedi akaona isiwe tabu, akatoa mara 4 ya uzito wake na wa mkewe.
Kinachonipendeza mimi ni kona za siku za juma. Unakwenda kwenye kona ya siku uliyozaliwa na kumwagia maji sanamu ya Buddha iliyoko hapo. Kona ziko 8, kwa sababu Jumatano imekatwa mbili: wa asubuhi wana tembo mwenye pembe, wa mchana wana tembo asiye na pembe. Wa Jumatano mchana, poleni.
Hukumu: bila zile kona ingekuwa ya 6.

3. Boudhanath, Nepal
Wewe unaizunguka, nayo inakutazama. Juu ya kuba kuna mraba wenye macho ya Buddha pande zote nne, na katikati ya macho kitu kama alama ya kuuliza. Si swali, ni tarakimu ya 1 ya Kinepali, ishara ya umoja. Tetemeko la Aprili 2015 lilipasua mnara wake, na kufikia Novemba 2016 ulikuwa umesimama tena. Kuba hupakwa chokaa nyeupe, kisha hurushiwa maji ya rangi ya manjano yanayoacha michirizi ya petali za yungiyungi.
Hukumu: hakuna stupa inayokufanya utembee kwa adabu kama hii.

2. Borobudur, Indonesia
Karne ya 9, kisiwa cha Java, sanamu 504 za Buddha. Huku chini unapita korido zenye kuta ndefu, macho yako yote kwenye michongo: wafalme, masoko, hata jahazi lenye matengo ambalo mvuvi wa ngalawa angelitambua bila kuambiwa. Nakala ya jahazi hilo ilisafiri mwaka 2003 hadi 2004 kutoka Indonesia kupitia Madagaska hadi Ghana. Kisha unapanda, na kuta zinaisha ghafla. Hakuna michongo tena. Kuna anga, na stupa ndogo 72 zenye matundu, ndani ya kila moja Buddha unayemwona kwa kuchungulia. Kupanda kwenyewe ndilo somo.
Hukumu: bingwa wa wanaopenda ngazi.

1. Sanchi, India
Naam, kile kibanda cha mviringo mnachokipita mkikimbilia Taj Mahal! Ilianza kwa matofali enzi za mfalme Ashoka, karne ya 3 KK, ikaongezwa na kuvikwa mawe, kisha karne ya 1 KK ikapata malango manne. Lango la kusini lina maandishi yanayosema wachonga pembe za ndovu wa mji wa Vidisha walilichonga, nawe ukilisogelea unawaamini.
Sasa mtafute Buddha kwenye michongo ya malango hayo. Hayumo kwa umbo la mtu. Kwenye lango la mashariki anaondoka kwao, na unachoona ni farasi anayesonga mbele, mwavuli ukishikwa juu ya tandiko tupu. Picha hiyo inarudiwa, na mwishoni mwavuli umesimama juu ya nyayo, farasi anarudi nyumbani bila mtu. Anayezunguka anapewa kazi ya kumjaza Buddha mwenyewe moyoni.
Hukumu: kombe ni lake, bila penalti.

Wa Shwedagon, uwanja ni wenu. Ila leteni hoja isiyo na neno "dhahabu".