Maombi ya Stika kwa Njia Panda

Mheshimiwa Mkuu wa Barabara za Mji,

YAH: UKAGUZI WA NJIA PANDA YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani magari yetu hukaguliwa breki, taa, tairi na hata mtungi wa kuzimia moto, kisha yakabandikwa stika kiooni. Tunaionea huruma njia panda yetu, ambayo haijawahi kukaguliwa wala kubandikwa chochote, isipokuwa bango la mganga anayeondoa mikosi. Bango hilo limeziba kibao cha kusimama. Zebra ilishafutika, na anayekumbuka ilipokuwa ni mwenye genge la matunda peke yake.

Utaratibu wa kupita unafahamika hata bila kibao. Fuso kwanza, daladala, gari dogo, bodaboda. Mwanafunzi wa darasa la pili hupita akibahatika.

Ajali ikitokea, taarifa husema chanzo ni uzembe wa dereva. Hatubishi, madereva wetu tunawajua. Ila inashangaza kwamba watu wasiojuana, kila mmoja na leseni yake, huja kuzembea palepale, hatua chache kutoka kwenye genge lilelile. Dereva huwekwa ndani, njia panda huachwa huru iendelee na kazi. Bibi zetu walivunja nazi njia panda, sisi tunavunja vioo vya mbele. Labda ndiyo maana hujamleta mhandisi: umemwachia mganga.

Tunajua nchi hii kujenga inaweza. Tulipiga makofi daraja la Mfugale lilipofunguliwa Tazara mwaka 2018, tukapiga tena mwaka 2021 kwa lile la Kijazi pale Ubungo, barabara juu ya barabara juu ya barabara. Sisi hatuombi ghorofa. Tunaomba kipilefti.

Wahandisi wako wanalijua hili kuliko sisi. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Kipilefti cha mstari mmoja kina 8. Tena pale kwetu gari humpata mwenzake ubavuni, mlangoni, mahali ambapo hakuna boneti ya kupokea kishindo. Kwenye kipilefti kila mtu analazimika kupinda, na anayepinda hupunguza mwendo. Wakigusana, wanagusana kwa mshazari. Marekani, makutano yaliyogeuzwa kuwa vipilefti yalipochunguzwa, ajali za vifo na majeraha mabaya zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 90. Na kwa waenda kwa miguu, zebra ikiinuliwa kama tuta, hata Fuso litashuka mwendo bila kuhubiriwa.

Utasema watu wetu hawajui kupishana kwenye kipilefti. Kweli kabisa, na jioni watabanana humo mpaka trafiki aje kuwatenganisha. Lakini watabanana kwa mwendo wa baiskeli. Hapo zitavunjika taa za pembeni, na matusi yatakuwepo, ila shingo zitabaki nzima.

Jambo moja tunaomba ufafanuzi wa kiofisi. Tumeona kwa wenzetu kwamba tuta hufika baada ya mazishi, wananchi wakishapanga mawe barabarani. Kama kuna idadi maalumu ya maiti inayotakiwa, tafadhali tuandikie ni wangapi, na kama waliojeruhiwa tu nao wanahesabika. Fomu ikiwepo, mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri.

Kama idadi hiyo haipo, basi tuletee mkaguzi wiki hii. Aje saa moja asubuhi, watoto wakienda shule, na aje kwa miguu. Asije na msafara wenye king'ora: msafara husimamishiwa magari yote, kwa hiyo aliyemo ndani hajawahi kuiona njia panda yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mvuka Barabara