Waongo Watano wa Saa za Linux

Unataka kujua programu inakimbia kwa muda gani? Tanguliza time kwenye amri, bonyeza Enter, utaletewa real, user na sys. Mashahidi watatu, na kesi bado haiishi. Wengine hata mahakamani hawafiki. Tuanze na mwongo mdogo.

5. Pacha wa time. Mmoja anaishi ndani ya bash, mwingine /usr/bin/time. Huyu wa pili ukimpa -v anakutajia hata kilele cha kumbukumbu iliyotumika. Wa kwanza ukimpa -v anadai hajawahi kusikia amri hiyo.

4. real. Anahesabu mpaka usingizi. Andika time sleep 5: real sekunde 5, user karibu sufuri. Kuna maofisi yanaendeshwa hivyo hivyo.

3. user. Anajumlisha muda wa kila kiini cha kichakataji. Viini 4 vikichapa kazi sekunde 10, yeye anasoma karibu 40. Usimwonyeshe bosi kabla hajanywa chai.

2. Jaribio la kwanza. Huyu ndiye anayewapa watu sifa wasizostahili. Linux ikishasoma faili kutoka kwenye diski hulibakiza kwenye kumbukumbu, kwa hiyo safari ya pili programu inaruka. Katikati hapo fundi kabadilisha mstari mmoja wa msimbo, tayari anatangaza ameongeza kasi maradufu! Alichoongeza ni maelezo yaliyoanza na alama ya reli. Chombo kiitwacho hyperfine kina --warmup kwa ajili yake: kinakimbiza kwanza bila kuhesabu, halafu kinarudia mara nyingi.

1. Saa ya ukutani. Mfalme. Hii, saa ya kawaida ya kompyuta, inarekebishwa wakati wowote, hata kurudishwa nyuma, kwa hiyo programu inaweza kumaliza kabla haijaanza. Unacheka? Mwisho wa 2016 dunia iliongezewa sekunde moja. Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa 9 usiku, mwaka mpya umeshapokewa. Kwenye seva za DNS za kampuni ya Cloudflare, saa ikarudi nyuma; msimbo wa lugha ya Go ukachukua muda wa kumaliza ukaondoa wa kuanza, ukapata hasi. Namba hiyo ikapelekwa kwenye kitendakazi cha bahati nasibu kisichokubali hasi, na programu ikaanguka. Agosti 2017 likaja toleo la Go 1.9, ambalo hupima muda kwa saa isiyorudi nyuma. Ile ya ukutani imeachiwa kutaja tarehe.