Usiucheke Mkono Unaoipiga Redio Kofi

Redio ikianza kukoroma, kila nyumba ina tabibu wake. Yupo atakayezungusha antena mpaka ielekee dirishani, yupo atakayetoa betri akazianike juani, na yupo mwenye imani kali kuliko wote, ambaye huipiga redio kofi la mgongo kisha akatega sikio kujua kama imetubu. Matibabu haya yamesaidia wengi. Hayafui dafu mahali pamoja tu: pale redio inapokuwa nzima na kinachokoroma ni muziki wenyewe. Tangu miaka ya 1940, watunzi wa muziki wa kiklasiki wa majaribio huko Ulaya na Marekani wamekuwa wakipewa nafasi hewani, na wakipewa tu, hakosekani msikilizaji wa kuinuka kitini kwenda kukagua waya. Wajuzi wa muziki humcheka mtu huyo na kumwita mshamba. Mimi nasema ushamba hana. Redio ni chombo chenye kelele zake chenyewe, tena hakikuonyeshi nani kapiga nini; anayesikia mkwaruzo akaushuku mtambo kabla ya kumshuku mtunzi ametumia akili. Ushahidi upo, na sehemu kubwa wameutoa watangazaji wenyewe.

Tuanze Paris, tarehe 5 Oktoba 1948, siku redio ya Ufaransa iliporusha tamasha la kelele la Pierre Schaeffer. Bwana huyu alikuwa mhandisi wa redio, na ala zake zilikuwa magarimoshi aliyoyarekodi kwenye stesheni ya Batignolles, pamoja na vitu vingine vya heshima ndogo, zikiwemo sufuria. Mbinu yake maarufu ilikuwa kuifunga njia ya sindano kwenye santuri iwe duara, ili kipande kile kile cha sauti kijirudie bila kwenda mbele. Kila aliyewahi kumiliki santuri analijua jambo hilo, na hulitaja kwa masikitiko: santuri imekwama. Kwa hiyo aliyekuwa nyumbani jioni ile akadhani santuri ya stesheni imekwama hakukosea hata chembe. Ilikuwa imekwama, ila kwa makusudi. Na aliyesikia sufuria zikilia akakimbilia jikoni kumfukuza paka naye hana wa kumlaumu. Tofauti kati ya hitilafu na sanaa ilikuwa kichwani mwa Schaeffer, na kichwa cha Schaeffer hakikurushwa hewani.

Kama sauti zinaleta utata, kimya kinaleta balaa. Mwaka 1952 Mmarekani John Cage alitoa kazi yake ya dakika nne na sekunde 33, yenye sehemu tatu, ambamo wapigaji hawapigi chochote. Tarehe 16 Januari 2004 okestra kubwa ya BBC iliiwasilisha katika ukumbi wa Barbican, London, na Radio 3 ikairusha moja kwa moja. Tatizo likawa kwamba stesheni ilikuwa na mtambo wa dharura ambao ukisikia kimya kirefu huamini matangazo yamekatika, ukaingiza kitu kingine. Ikabidi uzimwe, usije ukamwokoa msikilizaji kwa bahati mbaya. Ukumbini watu walimwona kiongozi wa okestra, Lawrence Foster, akijifuta jasho baada ya sehemu moja ya kutofanya kazi, wakacheka. Wa nyumbani walipata vikohozi na kicheko kisicho na mwenyewe. Sasa, ikiwa mtambo wa BBC, uliowekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kushuku kimya, haukuaminiwa kuachwa macho kwa dakika tano, mtu aliyekaa na sahani yake ya chakula alaumiwe kwa lipi?

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya masikio yasiyofunzwa, na kwamba mjuzi hutofautisha. Hapo ndipo ninapomleta Piotr Zak. Tarehe 5 Juni 1961, idhaa ya BBC iliyoitwa Third Programme ilirusha utunzi wa kijana huyo wa Kipoland, wa utepe na ala za kugonga, uliochukua kama dakika 12. Zak hakuwepo duniani. Hans Keller na Susan Bradshaw, watu wawili walioujua muziki vizuri, walikuwa wameingia studio na kugonga kila kilichogongeka bila mpango wowote. Hadithi inayopendwa mitaani ni kwamba wahakiki waliusifu utunzi ule wakaaibika. Si kweli, na haki yao lazima wapewe: waliusikiliza wakauponda. Lakini tazama waliuponda vipi. Waliupima kama kazi dhaifu ya mtunzi dhaifu. Hakuna aliyeandika kwamba hapa mtunzi hayupo. Agosti mwaka ule ule mzaha ulipofichuliwa, Keller aliketi hewani na wahakiki wawili, Jeremy Noble na Donald Mitchell, wakalijadili suala hilo kwa uzito wote. Msikilizaji aliyekatiza redio katikati ya kelele zile akisema kuna kitu kimeharibika alikuwa karibu na ukweli kuliko magazeti.

Pingamizi la pili ni la mtangazaji: si husema mapema kitakachopigwa? Husema, kwa wale waliofungulia redio mapema. Walio wengi hukuta shughuli katikati. Tena Zak naye alitangazwa kwa heshima zote, na tangazo hilo ndilo lililowapoteza watu. La tatu ni zito zaidi. Mwaka 1995, katika usiku wa mwisho wa tamasha la Proms, ilipigwa kazi ya Harrison Birtwistle iitwayo Panic, yenye saksofoni na ngoma za kishindo, na watu wakaiona kwenye televisheni. Waliona kila kitu, na bado simu za malalamiko zikamiminika BBC. Je, si dalili kwamba macho hayasaidii? Yanasaidia sana. Watu wale hawakupiga televisheni kofi. Walimpigia simu mhusika. Aliyeona hukasirika, asiyeona hubaki na shaka, na shaka ndiyo ninayoitetea.

Msikilizaji wa Kiswahili ana neno la kusema hapa. Kuanzia 1963 idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilitufikia kutoka Köln kwa masafa mafupi, na habari zilikuja zimefungamana na miluzi, mawimbi ya kupanda na kuzama, na sauti ya mtu wa lugha nyingine aliyepita bila hodi. Katika mji huo huo, Karlheinz Stockhausen alikuwa akitengeneza muziki wa umeme katika studio ya redio ya WDR, na mwaka 1968 akatunga Kurzwellen, ambamo wapigaji huzungusha redio za masafa mafupi na kuifuata miluzi wanayoinasa. Yaani kile ambacho mzee wa Tabora alikiondoa kwa subira ili apate habari, Köln kulikuwa na mtu akikitafuta kwa subira ili apate muziki. Mzee yule alijua mluzi wa stesheni jirani, alijua unyonge wa betri, na alijua mvua inayokuja. Ukimwambia hana sikio la muziki mpya, utakuwa humjui.

Lipo pingamizi la mwisho, la Schaeffer mwenyewe. Yeye alitaka tuisikilize sauti bila kuuliza imetoka wapi, na anayekagua antena anauliza hasa hilo. Ni wazo zuri, ila aliyelitoa alikuwa akijua sauti imetoka wapi, hata kazi yake ya kwanza akaipa jina la reli. Chanzo husahaulika kwa raha na anayekijua. Sisi wengine tunaanza na swali la kwanza: hiki kitu kizima? Stesheni zinazopenda majaribio zimweke kwenye simu mtu wa kulijibu bila kucheka, kwa sababu Juni 1961 wahakiki walijua kueleza kwa nini Zak hakuwapendeza, na swali hilo ndilo pekee ambalo lingemkamata.