Taa Imezimika, Hongera

Gereji zetu zina tiba ya breki isiyogusa breki: taa ya pedi ikiwaka kwenye dashibodi, fundi hukata waya wa sensa, huunganisha ncha mbili, huzungushia tepu nyeusi, na mteja huondoka akitabasamu. Kitaalamu kazi ni safi. Sensa ya magari mengi ya BMW ni kitanzi cha waya kinachokaa ndani ya pedi. Pedi ikilika, diski hukikata kitanzi, umeme hukatika, taa huwaka. Ukiunganisha waya, gari huamini pedi ni mpya. Diski haijaambiwa, nayo huja kusagwa na chuma kitupu.

Watetezi husema sensa ni ghali na taa hizi huzua. Wana hoja: waya huweza kukatwa na jiwe, na sensa iliyokwisha kulika ikirudishwa kwenye pedi mpya, taa haizimiki ng'o. Lakini mzushi huhojiwa, hafungwi mdomo. Kuvua tairi na kupima pedi si kazi ya kutwa; zikibaki milimita 3, zimekwisha. Tena sensa mara nyingi huwekwa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma tu, kwa hiyo hata ukimya wake wa halali hausemi kitu kuhusu mengine. (Wenye magari yasiyo na sensa wasicheke, kile kibati kinacholia pedi zikiisha hakitibiwi kwa kuongeza sauti ya redio.) Ukinunua gari lililotumika, usiridhike na dashibodi tulivu: chungulia nyuma ya gurudumu uone kama kuna tepu.